Ambrose Mulvihill Aweka Beleshi Chini

Jumamosi hii, tarehe 19 Machi 1938, Bwana Ambrose Mulvihill anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya kutunza barafu ya uwanja wetu wa Dunmorrin. Kamati imeniomba mimi, Philomena Gervais wa dirisha la tiketi, niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya hafla. Mwenyekiti wetu, Bwana Pettibone, alinipa masharti mawili. "Mama Gervais," alisema, "andika kifupi, na usituletee machozi, watu watakuwa wanakula." Nimejitahidi. Sharti la kwanza limeshanishinda, la pili tutaona huko mbele.

Ambrose alizaliwa mwaka 1883 nyuma ya kiwanda cha mbao, nyumba ya mwisho kabla ya bwawa la magogo. Baba yake alifanya kazi kwenye msumeno mkubwa, mama yake aliwafulia wakata miti. Walijaliwa watoto wawili tu: Ambrose, na miaka mitano baadaye Fintan, ambaye nyote mnamfahamu kama kocha wa timu yetu. Bwawa likiganda mwezi wa Desemba, wale wawili hawakuonekana nyumbani ila wakati wa chakula. Fimbo za hoki walichonga wenyewe kwa mizizi iliyopinda. Kisahani, kile kidude cheusi cha mpira mgumu kinachogombewa, hawakuwa nacho, kwa hiyo walitumia kinyesi cha farasi kilichoganda. Mlio mezani mniwie radhi, lakini huo ndio ukweli, na kwa baridi ya kwetu kinyesi cha farasi ni kigumu kuliko mkate wa shemeji yangu.

Vijana wa siku hizi hawajui kwamba zamani timu ya hoki ilikuwa na watu saba. Kipa alikaa golini, mabeki nyuma, washambuliaji mbele, na wa saba hakuwa na mahali. Kazi yake ilikuwa kuzurura. Palipoharibika alikwenda, palipofunguka alipita, na hakuna aliyejua atatokea wapi. Ambrose alikuwa mtu wa saba, na wazee waliomwona wanaapa kwamba bonde lote la Mto Ottawa halijapata kuzaa wa saba mwingine kama yeye. Wazee wetu huapa kwa mambo mengi, lakini hili hata wa Arnbrae ng'ambo ya mto wanalikubali, na Arnbrae hawajawahi kukubaliana nasi hata kuhusu saa ni ngapi.

Mwaka 1904 msumeno ulimkata baba yao mkono wa kulia. Kiwanda kilimpa pole na paja la nguruwe. Majira yale yale akaja mtu kutoka Michigan, amevaa koti lenye kola ya manyoya, akasema mji wao wa wachimba shaba unalipa mishahara watu wa kucheza hoki. Mama Mulvihill akamwambia mumewe, "Watu wazima walipwe kwa kucheza? Huyo tapeli. Funga mlango." Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote wa Dunmorrin kusikia jambo kama hilo. Ambrose alitoka kwa mlango wa nyuma, akamkimbilia yule mtu hadi stesheni. Alikuwa na miaka ishirini na moja.

Hivyo akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kulipwa waziwazi kwa mchezo huu. Alicheza kwenye miji ya shaba, kisha kwenye miji ya machimbo ya fedha kaskazini, kisha pwani ya magharibi, ambako aliona mvua ikinyesha mwezi wa Januari na akadhani mwisho wa dunia umefika. Meno mawili ya mbele aliyaacha Michigan, la tatu likabaki kaskazini. Ukimuuliza husema kila mji ameweka akiba.

Nyumbani mambo yalinyooka. Baba alipata daktari, kuni hazikukosekana, na Fintan akapelekwa Ottawa kusoma kwa mapadri. Krismasi moja Fintan aliletewa sanduku kwa treni, limejaa majani makavu, na ndani yake viatu vipya vya kutelezea vyenye vyuma vinavyong'aa. Mtaa mzima tulikwenda kuviangalia. Mama yao aliacha kusema tapeli.

Ila maisha yenyewe huko yalikuwa ya upweke, na Ambrose hajawahi kuyasifia. Wachezaji walinunuliwa na kuuzwa kila wiki. Jumamosi hii unampasia mtu, Jumamosi ijayo ndiye anakuvunja mbavu, na hujapata hata muda wa kujua jina la mke wake. Alilala kwenye nyumba za wageni zenye chumba kimoja na beseni moja. Aliwahi kuniambia kwamba miaka yote ile, rafiki aliyedumu naye kuliko wote alikuwa paka wa mama mwenye nyumba huko kaskazini, na yule paka alikuwa hampendi. Alisema hivyo akicheka. Mimi sikucheka sana.

Mwaka 1913 alirudi. Magoti yalikuwa yamechoka, baba alikuwa amefariki, na wakubwa wa mchezo walikuwa wameanza kusema watu sita wanatosha uwanjani. Wengine hufukuzwa kazi, yeye kazi yenyewe ndiyo ilifukuzwa. Akasema basi, nitacheza kwetu, na mdogo wangu, Jumapili baada ya misa. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hawakuwahi kukutana na chama cha hoki ya ridhaa.

Sheria ya chama ilikuwa hivi, na mpaka leo ni hivi. Aliyewahi kulipwa kwa kucheza haruhusiwi kucheza na wasiolipwa. Na haiishii hapo. Anayecheza naye, au dhidi yake, hata kwa mzaha, hata bwawani, naye anahesabiwa kuwa mtu wa kulipwa na anafungiwa maisha. Ugonjwa wenyewe ni wa kuambukiza, kama surua. Na Fintan wakati huo ndiye alikuwa nahodha wa timu yetu ya ridhaa, ana miaka ishirini na mitano, na kombe la jimbo lilikuwa linanukia.

Nilikuwepo siku ile bwawani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimekwenda kuteleza na wenzangu na, sitaki kudanganya, kumwangalia Ambrose. Alikuwa amesimama katikati ya barafu na fimbo mbili mikononi. Fintan alifika ukingoni, amevaa vile viatu vilivyokuja kwa treni, akasimama pale pale kwenye theluji.

"Njoo basi," Ambrose akaita. "Unaogopa kupigwa chenga na mzee?"

"Kaka, siwezi. Kuna watu wanatuona. Wakisema nimecheza na wewe, timu nzima imekwisha."

"Mimi na wewe tu, Fintan. Hapa bwawani. Utacheza na mimi?"

"Siwezi, kaka."

Ambrose alimtazama, akatazama zile fimbo. Akasema, "Haya," kama mtu aliyeambiwa chai imekwisha, akatoka kwenye barafu kwa upande mwingine. Hakuuliza tena. Mwisho wa baridi ile Fintan na wenzake walilichukua kombe la jimbo, mji mzima tukalewa, na Ambrose alibeba ngoma ya bendi kutoka stesheni hadi kanisani kwa kuwa mpigaji alikuwa ameteguka bega.

Nawajua watu wa Dunmorrin, mtaniuliza: si kulikuwa na msamaha? Ulikuwepo. Chama kilimsamehe yeyote aliyekubali kuapa mbele ya kamati kwamba anajuta kuchukua malipo. Padri Hanratty alikwenda nyumbani kwake kumshawishi, akapewa supu ya njegere na jibu. "Padri," Ambrose alisema, "nikija kwako natubu dhambi zangu, na unazijua. Sasa hii nayo ni dhambi gani? Baba yangu alikufa kitandani kwake, akiwa na joto na daktari pembeni. Nikiapa kwamba najuta, nitakuwa nimejuta nini?" Padri alirudi akasema ile supu ilikuwa nzuri.

Basi mwaka 1914 akachukua kazi ya barafu. Waliozoea kuja jioni na kuikuta imenyooka kama meza hawajui inavyopatikana. Milango yote inafunguliwa alfajiri ili baridi iingie. Pipa la maji ya moto linafungwa kwenye gari la kuburura, mtu analivuta akirudi kinyumenyume, na maji yanatandazwa nyuma yake kwa gunia, tabaka juu ya tabaka. Ukiharakisha barafu inapasuka, ukichelewa inafanya matuta. Kati ya vipindi vya mechi inafagiliwa kwa beleshi theluji iliyokwanguliwa na viatu. Ambrose alifanya yote hayo, akanoa viatu vya watoto bila kuombwa, na akalichochea jiko la kuni kwenye vyumba vya kubadilishia nguo ili vidole vya wageni visigande, hata vya Arnbrae.

Kabla milango ya watu haijafunguliwa alikuwa akicheza peke yake. Nilikuwa nikifika mapema kuwasha taa ya dirisha langu namsikia: vyuma vinakwaruza, kisahani kinagonga ubao, kimya kidogo, kinagonga tena. Alikuwa anajipasia ukutani. Mtoto wa kwanza akitokea mlangoni, fimbo inaingia kabatini. Asipowahi kuificha, mama mtu angepiga kelele kutoka kwenye viti, "Wewe! Toka humo haraka, Mzee Ambrose ameshika fimbo!" utadhani mbwa mwenye kichaa ameingia uwanjani. Mama huyo huyo kesho yake angempelekea Ambrose mkate wa sharubati tamu ya mti wa mepo. Hakuna aliyemchukia, jamani. Angekuwa anachukiwa angehama.

Sasa nifike kwenye kesi ya beleshi, kwa sababu wengi mnaisimulia na wote mnaikosea.

Ilikuwa Februari 1919, mechi na Arnbrae, atakayeshinda anasonga mbele kwenye kombe. Nilikuwa nimeanza kazi majira yale yale. Bao mbili kwa mbili, uwanja umejaa, watu wamekaa hadi kwenye boriti. Ambrose alikuwa amesimama kwenye geti la pembeni na beleshi lake, anasubiri kipindi kiishe akafagie. Kisahani kikaruka kutoka kwenye msukumano, kikaja moja kwa moja miguuni pake. Hakufikiri. Mtu mwenye akili timamu angekiacha, lakini mikono ya Ambrose haikuwahi kuambiwa kwamba imefungiwa. Beleshi lilikwenda chini, kisahani kikapita katikati ya watu wanne wa Arnbrae, kikalala kwenye fimbo ya Fintan kama kimewekwa na mama yake. Fintan naye hakufikiri. Alipiga. Goli.

Wote wawili walinyanyua mikono. Mmoja kule mbele ya goli, mwingine getini na beleshi hewani, na wanatazamana wanacheka kama wako bwawani. Niliwaona kwa macho yangu. Halafu filimbi ikalia.

Arnbrae walipiga kelele hadi vumbi likadondoka darini. "Amecheza na mtu wa kulipwa! Mfungieni!" Kamati ikakaa usiku ule ule kwenye chumba cha jiko, na lile beleshi likawekwa mezani katikati, kama marehemu. Swali lilikuwa moja: je, beleshi ni fimbo ya hoki? Mzee mmoja wa Arnbrae alisema fimbo ni chochote kinachoweza kupiga. Padri Hanratty akauliza kama kwa hesabu hiyo bakora ya askofu nayo imefungiwa. Hatimaye wakaamua kwamba beleshi si fimbo, kwa hiyo Ambrose hakucheza, kwa hiyo Fintan hakucheza naye na hafungiwi. Lakini goli likafutwa, mechi tukanyang'anywa, na kombe likaenda zake. Wakati wa kutoka Fintan alimpita kaka yake mlangoni, na wote wawili walikuwa wanaangalia chini.

Tangu siku ile Ambrose hakuangalia mechi tena. Aliamua mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Kipa akishaingia golini, Ambrose anasimama kwenye geti lake na kuupa uwanja mgongo, mikono mfukoni, uso kwenye mbao za ukuta. Kengele ya kipindi ikilia anageuka, anachukua beleshi, anaingia kufagia. Mashabiki wapya walikuwa wakiniuliza, "Mama Gervais, yule mzee pale ana nini? Kaadhibiwa?" Nikawa nawajibu anasikiliza. Na ni kweli alikuwa akisikiliza. Nimeuza tiketi miaka yote hii nikiwa natazama watu mia sita wanaoangalia mchezo wasioujua, na mmoja anayeujua ameangalia ukuta, na nawaambieni ukweli, kuna mechi nilikuwa nafunga dirisha kwa sababu sikutaka kuona ule mgongo.

Msidhani ndugu hawa walikosana. Kila Jumapili Ambrose alikula kwa Fintan, viazi na nyama ya kuchemsha, akacheza karata na watoto wa mdogo wake, akamtania shemeji yake kuhusu pazia. Walizungumza bei ya mbao, magoti, siasa za Ottawa, na farasi wa Padri. Hoki haikutajwa mezani hata siku moja. Fintan aliacha kucheza, akawa kocha, akaikuza timu. Ambrose aliitandikia timu ile barafu, akarudi nyumbani kwake nyuma ya kiwanda, akawasha taa moja. Hakuoa. Niliwahi kumuuliza kwa nini, nikiwa tayari mjane na sina cha kupoteza. Akasema, "Philomena, mwanamke atataka kwenda kuteleza na mumewe, na wataanza kumwuliza kama ameshika fimbo." Nilimwambia huo ni upuuzi mtupu. Akakubali kwamba ni upuuzi. Hatukuendelea.

Mwaka huu kamati imenunua mashine. Majira yajayo ya baridi kutakuwa na mabomba chini ya sakafu na barafu itajitengeneza yenyewe, hata mvua ikinyesha. Kwa hiyo barafu ya Machi hii ndiyo ya mwisho ya Ambrose, na ndiyo sababu ya hafla. Mpaka hapa ndipo wasifu wangu ulipokuwa umefika, na Bwana Pettibone alikuwa ameupitisha, isipokuwa kile kinyesi. Halafu ikaja Alhamisi ya wiki iliyopita.

Asubuhi ile upepo wa kusini ulikuwa umeanza na paa lilikuwa linadondosha matone. Nilikuwa nafuta kioo cha dirisha langu. Ambrose alikuwa anavuta pipa kinyumenyume kama kawaida, anaelekea mbali nami. Fintan akaingia, viatu vimening'inia shingoni, fimbo mbili mkononi.

"Kocha," nikamwambia, "mazoezi ni jioni."

"Najua, Philomena. Vijana wangu hakuna hata mmoja humu ndani?"

"Hakuna."

"Una uhakika? Nenda kaangalie vyumbani."

Nikaenda nikaangalia, nikarudi nikamwambia hakuna mtu. Akafunga mlango mkubwa kwa komeo, akaketi kwenye benchi, akaanza kufunga kamba. Vile viatu nilivitambua. Ngozi yake imebadilishwa mara nyingi lakini vyuma ni vile vile vilivyokuja kwa treni.

Ambrose alisikia vyuma vikigusa barafu kabla hajageuka. "Nani huyo? Maji hayajashika, utaniharibia."

"Ni mimi."

Alisimamisha pipa. "Vua hivyo viatu, Fintan. Philomena yuko pale dirishani, anaona kila kitu."

"Aone. Nataka shahidi. Chukua fimbo, kaka."

"Sichukui. Una timu. Mwakani mnabeba kombe, kila mtu anasema. Usiwe mjinga."

"Hukuniomba tena," Fintan akasema. "Miaka yote ile nimekuwa nikisubiri uniombe, hukuniomba."

"Si ulishanijibu?"

"Nilijibu nina miaka ishirini na mitano na kombe limenijaa kichwani. Sasa nina hamsini. Niombe tena."

Paa lilidondosha, likadondosha. Ambrose alivua kofia, akaivaa tena. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa changu, kioo nimekisahau. Hatimaye akauliza, kwa sauti ya chini sana, na meno yale matatu hayapo:

"Utacheza na mimi?"

"Nitacheza."

Mwanzo walikuwa wabaya kupindukia. Pasi ya kwanza ilipita katikati ya miguu ya Ambrose ikaenda kugonga pipa. "Hee! Wewe ndiye waliyekuwa wakikulipa?" Fintan akapiga kelele. "Wadai warudishiwe pesa zao!" "Pasi yenyewe umeipiga kwa mguu wa kuku!" Ambrose akajibu. Wakacheka, wakaanza tena. Wakazunguka, wakapishana, Fintan anahema, magoti ya Ambrose yanalia hadi mimi nayasikia. Kisha polepole Ambrose akaanza kuzurura. Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyewahi kuona. Alikuwa hapa, akawa pale, akapotea nyuma ya Fintan, akatokea kwenye kona, na kisahani kikatoka kwake bila yeye kuangalia anakokipeleka, kikakata uwanja mzima kikafika kwenye fimbo ya mdogo wake. Fintan akapiga. Goli lilikuwa tupu, lakini goli ni goli.

Walinyanyua mikono wote wawili. Nikajikuta nasubiri filimbi. Haikulia.

Ambrose alijifuta uso kwa mkono wa koti. Ndipo hasira zikampanda. "Sasa umefanya nini, mpumbavu wewe? Nani atawafundisha wale vijana?"

"Atapatikana mtu."

"Mwakani ulikuwa unachukua kombe!"

"Watachukua wao. Mimi nilishachukua moja, na unajua ulikuwa wapi."

Mchana ule ule Fintan alikwenda kwenye duka la vyuma la Bwana Pettibone, wateja wamejaa, akasema kwa sauti, "Mwenyekiti, leo asubuhi nimecheza hoki na mchezaji wa kulipwa. Philomena Gervais ni shahidi. Waarifu chama." Nimsifu Bwana Pettibone hapa, kwa kuwa atasoma haya pamoja nanyi: alijaribu. Alishusha sauti akasema, "Fintan, labda mlikuwa mnateleza tu. Kama mlikuwa mnateleza tu, mimi sijasikia kitu." Fintan akajibu, "Tulicheza. Na nilifunga."

Jibu la chama lilifika kwa simu Jumatatu. Kocha wetu amefungiwa maisha. Wameongeza kwamba akiapa kuwa anajuta, suala lake litaangaliwa. Fintan aliuliza kama wana viti vya kutosha, maana watakaa sana wakimsubiri. Kwa hiyo programu hii, iliyokusudiwa kumuaga mtu mmoja, inaaga wawili, na kamati inaomba radhi kwamba zawadi ni moja tu. Ni kiti cha kubembea. Watalazimika kupokezana.

Nimeambiwa nimalizie kwa furaha. Nina furaha, lakini sitawadanganya. Asubuhi moja kwa miaka ishirini na mitano si haki, na haitakuwa haki kwa sababu tu tumeoka keki. Barafu ile imeshayeyuka, na jioni hii mtakanyaga mbao. Ambrose atarudi kwake nyuma ya kiwanda na kuwasha taa yake moja, na kesho alfajiri ataamka na hakuna pipa la kuvuta. Naomba mlio jirani naye mgonge mlango. Mimi nitagonga.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa uwanja, kuanzia walinzi wa milango hadi bendi, asante kwa barafu, Ambrose, na kwa vidole vyetu ambavyo havikuganda. Asante kwa kuvumilia ukuta ule. Tunakuombea magoti yaliyotulia, viazi vya moto kila Jumapili, na mdogo wako mezani mkizungumza hoki mpaka shemeji yako awafukuze.

Na ninyi wageni, mkiingia tazameni juu, kwenye ubao wa magoli. Alhamisi ile, walipokuwa bado wanagombana, nilipanda ngazi nikatundika namba moja upande wa Dunmorrin. Bwana Pettibone ameniagiza mara mbili niishushe, na mara mbili ngazi haijaonekana. Haitaonekana leo pia. Kapumzike, Ambrose. Goli limehesabiwa.